Rupia za Kinyozi

Kinyozi alikuwa akikusanya rupia za fedha za Kihindi tangu ujana wake. Mteja akishapakwa sabuni mashavuni hakuwa na pa kukimbilia: angesimuliwa jinsi wakoloni walivyozisambaza hizo rupia hadi nchi za mbali, na jinsi maandishi yalivyobadilika, malkia wa Uingereza akaacha kuwa malkia tu akawa mtawala mkuu wa India.

Kisha kiharusi kikamchukua ulimi na upande mzima wa kulia.

Mdogo wake wa kike, mjane, alifunga virago akahamia kwake kumuuguza. Alimlisha, akamgeuza, akamwogesha bila kununa. Alimtania kwamba tangu wazaliwe, hii ndiyo mara ya kwanza anamaliza sentensi mbele ya kaka yake.

Asubuhi moja, akifuta vumbi kabatini, alikuta trei ya rupia. Zote nyeusi. Roho ikamuuma. Akaleta majivu, ndimu na waya wa kusugulia sufuria, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda ili mgonjwa asione upweke.

Kinyozi aliona waya ukigusa rupia ya kwanza. Weusi ule ulichukua karibu miaka mia kuota, na kila mkusanyaji anaulinda kama mboni ya jicho. Ukishakwanguliwa pamoja na sura iliyo chini yake, haurudi. Alitaka kusema acha. Ikatoka sauti ya koo tu.

"Najua, kaka," dada yake akasema. "Subiri uzione nikimaliza."

Akafika kwenye ile ya mwaka 1911. Kwenye joho la mfalme kulichorwa tembo, lakini mkonga ulitoka mfupi mno, watu wakaona nguruwe. Zikazuka kelele, serikali ikazikusanya nyingi na kuziyeyusha. Kinyozi aliitafuta hadi mvi zikamwota. Dada aliona uchafu umeganda kwenye mikunjo ya joho, akakaza mkono.

Kinyozi alikusanya nguvu zote, akanyanyua mkono wa kushoto, akamshika dada yake kifundo cha mkono. Machozi yalimtiririka hadi sikioni.

Dada aliweka sarafu chini, akaubusu ule mkono, naye akalia. "Usinishukuru, kaka. Mimi na wewe tuna shukrani gani?" Akamlaza mkono vizuri juu ya shuka, akaendelea kusugua.

Jioni alikuja sonara, rafiki wa kinyozi na mkusanyaji mwenzake. Dada alimpokea kwa furaha, akamwonyesha trei inayometameta. Sonara aliinua ile ya 1911 dirishani. Joho lilikuwa limelainika kama kokoto ya mtoni. Tembo hayupo, wala nguruwe. Akageuka, macho yake yakakutana na ya mgonjwa.

"Zimependeza, sivyo?" dada akauliza.

Sonara aliirudisha sarafu kwenye trei. Alimtazama yule mama, vidole vimechubuka kwa majivu na ndimu.

"Zinang'aa kweli," akasema.

Akavuta kiti, akaketi kando ya kitanda, akamshika rafiki yake bega. Dada akaenda jikoni kuchemsha chai, akiimba.