Joto la Chini ya Kitanda

Mume wangu husafirisha mizigo kwa pikipiki ya umeme, na betri yake huidekeza kuliko anavyonidekeza mimi. Kwa kuogopa wezi, huichaji chini ya kitanda cha mama yake. Mama hatoki chumbani. Miguu haimbebi tena, na siku zote ni ya baridi hata avae soksi. Mlinzi gani angemzidi huyo?

Siku hiyo chaja yake iliharibika, akaazima ya jirani.

"Hiyo si ya betri yako," nilimwambia.

"Chaja ni chaja. Iache kwa muda wa saa nne tu. Taa ikiwa kijani, chomoa." Akaenda zake kutafuta tairi.

Nikakaa sebuleni na cherehani yangu. Kila nilipochungulia, taa nyekundu. Saa nne zikapita, bado nyekundu. Nami, mjinga wa kutupwa, nikaendelea kungoja kijani, maana ningechomoa mapema ningesemwa mpaka kesho.

Ndipo mama mkwe akaniita, sauti imejaa raha. "Mwanangu, leo mmenifanyia nini? Miguu imepata joto."

Niliiacha cherehani mbio. Nikaingia. Chumba kilinuka utamu mbaya, kama rangi ya kucha. Nikainama: betri ilikuwa imevimba, ganda limeachana.

Nikachomoa waya ukutani. Betri ikaanza kutoa sauti kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji.

"Mama, tunatoka."

"Tunakwenda wapi? Hata sijajifunga kitambaa."

Nikampitisha mikono kwapani, nikamburuta. Mama ni mzito, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa; niliogopa hata wazo lililonipitia, kwamba nikimwachia nitafika mlangoni haraka. Sikumwachia. Tulikuwa tumevuka kizingiti cha nje kitu kilipopasuka ndani, na moshi mweusi ukatufuata uani.

Majirani walikuwa wakimwaga mchanga dirishani mume wangu alipotokea na tairi begani. Alitazama kitanda kinavyoungua. Tairi likamdondoka.

Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumtosha mwaka mzima. Mama akaniwahi.

"Mwanangu, kile kitu chako mkirudishe jioni," alimwambia. "Kilikuwa kinanipasha miguu."

Mume wangu akapiga magoti, akaishika ile miguu, akaanza kuisugua. Alilia kama mtoto. Maneno yangu niliyameza.