Watoto kwa Nusu Bei

Saa nne asubuhi Binti alikuwa uani akianika mashuka ya chumba namba tatu, vibanio viwili mdomoni, wakati wapenzi wawili wenye mabegi makubwa mgongoni walipoingia kwa lango la nyuma. La mbele lilikuwa wazi. Ila mwanamume alikuwa amesoma mahali kwamba anayeingia kwa lango la nyuma hatajiwi bei ya wageni, na alikuwa mtu wa kuamini alichosoma.

Nyumba hiyo ya wageni ilikuwa na vyumba sita, na feni sita, nne kati ya hizo nzima. Mwenye nyumba alikuwa mama yake Binti, mjane aliyeijenga chumba kimoja kimoja kwa miaka kumi na minne. Binti, ambaye alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ndiye aliyefua, kupika, kudeki na kufukuza kunguru. Kisiwa kilikuwa kidogo, na wageni walikuja kwa boti ya asubuhi, wakaogelea, wakaungua mabega, wakaondoka. Hawa wawili hawakutoka mbali. Walitoka mji mkubwa ng'ambo ya pili, ambako wote walikuwa na kazi za ofisini na viti vya kuzunguka. Walikuwa likizo, na likizo yao ilikuwa kuigiza ufukara.

Binti aliwapachika majina siku hiyo hiyo. Mwanamume akawa Mtaalamu, kwa kuwa hakuna jambo asilolijua. Mwanamke akawa Mchumba, kwa kuwa ndivyo Mtaalamu alivyomwita kila baada ya maneno matatu.

Mama akawatajia bei iliyobandikwa ukutani. Mtaalamu akaweka mkono kifuani kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Jamani, Mama! Hiyo si bei ya watalii? Sisi si watalii. Sisi ni watoto wako."

"Watoto wako kabisa," Mchumba akadakia.

Mama akacheka. Alikuwa na udhaifu mmoja, na watu wenye macho makavu waliunusa toka gatini: ukimwita mama kwa sauti ya kubembeleza, anayeyuka. Akawapa chumba kwa nusu bei, na taulo mbili za ziada.

Jioni, Binti alipokuwa akipiga mswaki, aligundua kwamba mwanya wake haupo. Ulikuwa mwanya wa meno ya mbele, aliourithi kwa mama, na asubuhi ulikuwepo. Akapitisha ulimi mara mbili. Meno yalikuwa yameshikana barabara. Barazani Mchumba alikuwa anacheka, na mwanya ulikuwa mdomoni mwake, umetulia tuli. Binti akasukutua, akaning'iniza mswaki mahali pake, akaenda kukatakata vitunguu.

Kesho yake zamu ilikuwa ya kifungua kinywa.

"Mama, mtoto wako utamuuzia chai?" Mtaalamu akauliza, mkate tayari mkononi.

Mama hakumuuzia. Siku hiyo kovu la Binti likahama. Alilipata akiwa na miaka mitatu, alipotumbukiza mkono kwenye uji wa moto, na lilikuwa na umbo la kijiko, chini kidogo ya kiwiko cha kushoto. Sasa lilikuwa kwenye mkono wa Mtaalamu, na kumbukumbu ilikuwa imelifuata. Alikaa barazani akijirekodi kwa simu, akiwasimulia wafuasi wake jinsi mama alivyombeba mbio mpaka zahanati bila viatu. Alitia chumvi nyingi. Sufuria ikawa pipa, na mama akakimbia kilomita tisa kwenye kisiwa chenye kilomita tano. Binti alikuwa anadeki hapo hapo. Mtaalamu hakuinua miguu, kwa hiyo Binti akaizungushia dekio.

Siku ya tatu wakaleta nguo chafu, kwa maelezo kwamba hakuna mama anayemtoza mwanawe kwa kufua. Mama hakutoza, na ilikuwa rahisi kwake, kwa sababu mfuaji alikuwa Binti. Alipomaliza, mbwa wa nyumbani, ambaye Binti alimlea mwenyewe kwa maziwa ya chupa, akambwekea kutoka kwenye kamba ya nguo mpaka mlango wa jikoni. Sebuleni, picha ya siku yake ya kwanza shuleni ilikuwa imebadilika pia. Zamani ilikuwa na mama na mtoto mmoja mwenye soksi zisizolingana. Sasa ilikuwa na mama na watoto wawili, na kila mtoto alibeba begi lililomzidi kimo. Mama alikuwa anaipangusa vumbi.

"Walivyokuwa wadogo!" akasema.

"Mama, waambie walipe bei kamili."

"Mwenzangu, mtu akuite mama, halafu umdai?"

Alimwita mwenzangu. Tangu azaliwe Binti hakuwahi kuitwa hivyo na mama yake. Akaenda jikoni akalia juu ya vyombo mpaka povu likaisha kwenye karai. Kisha akavua aproni, akaenda ofisi ya mtaa.

Karani wa mtaa alifungua daftari la kaya, akashuka na kidole.

"Nyumba ya wageni. Mjane, watoto wawili. Wewe ndiye mfanyakazi wao?"

"Mimi ndiye mtoto wake. Wa pekee."

Karani akagusa majina mawili kwa kidole kilicholoweshwa mate. Hayakufutika.

"Wino umeshakauka, dada yangu. Ungewahi," akasema. Hakuwa mtu mbaya. Akamweleza kwamba mambo haya hutokea kila msimu wa wageni. Mwaka jana mwenye mgahawa wa gatini alipoteza kaka yake kwa sahani ya viazi. "Kifungu kiko wazi. Wakilipa kama wageni, wanakuwa wageni, na kila kitu kinarudi. Ila walipe kabla hawajapanda boti. Boti ikishaondoka, sisi huku tunafunga faili."

Binti akawakuta chumbani. Chumba chenyewe kilikuwa cha Binti; walikuwa wamehamia humo, maana kiliingiza upepo, na watoto wa nyumba hawalali namba nne penye feni mbovu. Mtaalamu alikuwa amejinyoosha kitandani na viatu. Mchumba alikuwa mbele ya kioo, akikagua meno. Simu yake ikaita, na kwenye skrini likaja neno Mama. Akaizima.

"Huyu akinipata ni nusu saa nzima," akasema.

Binti akawaeleza yote aliyoyasema karani. Hakuongeza wala hakupunguza. Bei kamili, akasema, ilizidi waliyolipa kwa soda mbili tu kwa siku.

Mtaalamu alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma. Hakuuliza swali hata moja, na hapo Binti akajua kwamba alijua. Alijua tangu kovu lilipoanza kumuwasha.

"Tunakuelewa, dada. Kweli tunakuelewa," akasema. "Lakini hili si suala la pesa, ni la kanuni. Sisi tukilipa bei ya ukutani, tunawaharibia wasafiri wote watakaokuja nyuma yetu."

"Halafu mwanya umenikaa, jamani," Mchumba akasema. "Mjini wanachonga, lakini gharama yake, acha tu."

"Yule ni mama yangu," Binti akasema.

"Ni mama yetu sote," Mtaalamu akajibu, kwa ukarimu wa mtu anayegawa kisicho chake.

Binti alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia kiumbe yeyote, wakiwemo kunguru. Alimchukia kwa ule upole wake, na kwa viatu vyake juu ya shuka alilolipiga pasi asubuhi ile. Alikuwa anafungua mdomo amwambie hayo, Mtaalamu akamtangulia.

"Na ukipita, dada, funga mlango."

Waliondoka siku ya tano. Mama aliwafungashia chakula cha njiani, akawakumbatia langoni, akalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Mtaalamu akasubiri kilio kipungue.

"Mama, watoto wanaondoka hivi hivi, bila nauli?"

Mama akafungua pochi akawapa nauli. Binti ndiye aliyebeba mabegi mpaka gatini, moja mgongoni na moja kifuani, kwa sababu mama alimwomba kwa adabu. Mabegi yalikuwa mazito kuliko siku ya kwanza, ingawa hawakununua kitu chochote kisiwani. Alipofika kwenye ngazi ya boti akayatua, akasimama mbele ya mabegi.

"Bado mnaweza kulipa," akasema, na kunyoosha mkono.

Mtaalamu akautazama ule mkono. Akajipapasa mifuko, akatoa sarafu moja, akaiweka kiganjani mwake na kumkunjia vidole juu yake.

"Ya soda," akasema. "Umetuhudumia vizuri."

Wakapanda. Boti haijavuka hata boya la kwanza, Mtaalamu alikuwa ameshaandika maoni yake mtandaoni na kutoa nyota nne. Nyumba ina upendo wa kweli, aliandika, tulijisikia tuko kwetu. Nyota ya tano tumeizuia kwa ajili ya mfanyakazi mmoja mwenye kinyongo.

Binti akarudi kwa mguu. Hakuwa na haraka, maana alijua faili limefungwa. Mama alikuwa ameketi mezani barazani, macho mekundu, kitabu cha wageni mbele yake. Akamwona akisimama langoni, akajikaza na kutabasamu tabasamu la kazini.

"Karibu, mgeni. Pole na safari. Huna hata begi?"

"Sina."

"Utakaa siku ngapi?"

"Mama," Binti akasema. "Mimi ni mwanao."

Mama akashusha pumzi. Alionekana amechoka, na hakukasirika.

"Wote husema hivyo," akasema. "Haya, nitakupunguzia kidogo."

Binti akafikiri ni nani angepungukiwa safari hii. Nyumbani hakuwa amebaki mtu mwingine ila mama mwenyewe.

"Hapana," akasema. "Nitalipa bei ya ukutani."

Mama akainua uso, akamtazama kwa heshima. Akamwambia wageni wa namna yake wamekuwa adimu, kwamba namba nne iko wazi ingawa feni yake inasumbua, na kwamba chai huwa saa mbili. Kisha akafungua ukurasa mpya, akashika kalamu, akamuuliza jina lake nani.