Nukta Saba Chini ya Genge

Mchora ramani alistaafu akiwa na miaka sitini, na kesho yake akanunua buti. Kwa miaka thelathini na mbili alikuwa ameichora pwani ile akiwa kitini, kwenye chumba cha ghorofa ya tatu chenye dirisha linalotazama ukuta, akitegemea picha zilizopigwa kutoka angani na madaftari ya wapimaji. Wenzake walizoea kumtania kwamba anajua kila jiwe la ufuko ule lakini hajui kama maji yake yana chumvi. Alicheka nao. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto walikuwa na miji yao, naye akakata shauri kuitembea pwani ile kwa miguu, peke yake, kabla magoti hayajamkatalia. Binti yake alimpigia simu mara tatu kumsihi asiende. Alimjibu kwamba mtu hapotei ndani ya ramani aliyoichora mwenyewe.

Siku mbili za kwanza zilimwendea vizuri. Alipanda majabali meusi yaliyochongwa na mawimbi hadi yakawa makali kama meno ya msumeno, akashuka kwenye fuko za kokoto zisizo na alama ya mguu ila wa ndege, akala mkate na mayai ya kuchemsha huku upepo ukimvutavuta nguo. Pale alipotarajia hori la bahari lililoingia nchi kavu, akalikuta hori. Alipotarajia rasi, rasi ilikuwa inamngoja. Mara nyingine alisimama akaligusa jabali kwa kiganja, kama mtu anayekutana na ndugu aliyemjua kwa barua tu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alifika kwenye mnara wa taa. Mlinzi wake alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imetapakaa rangi nyeupe, akipaka mlango. Alimkaribisha kivulini, akampa maji ya kunywa, akamuuliza safari inaelekea wapi. Mchora ramani akafungua karatasi yake akamwonyesha: atashuka hapa, atapita chini ya genge, kwenye mchanga ulio kati ya ukuta wa mwamba na bahari, atatokea upande wa pili.

Mlinzi akaweka brashi chini.

"Huko hakupitiki, mama. Maji yakijaa yanafika ukutani, na ukishafika katikati huna pa kupanda."

"Lakini ramani inaonyesha njia."

"Hiyo ramani ndiyo iliyomuua mdogo wangu."

Akamsimulia. Yeye alihamishiwa pale miaka saba iliyopita, na mdogo wake, mwalimu wa hesabu, akaja likizo kumtembelea. Asubuhi moja dada mtu alikuwa juu akisafisha vioo vya taa. Kijana hakutaka kumsumbua. Akaitazama ramani iliyobandikwa ukutani, akaifuata. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi. Walimpata baada ya siku mbili.

Mchora ramani aliitazama karatasi. Chini ya genge palikuwa na nukta saba za kuonyesha njia, na hakuhitaji kuambiwa ni za mkono wa nani. Daftari la mpimaji lilikuwa limeishia upande huu na kuanza tena upande ule. Katikati, picha ilikuwa kivuli kitupu. Ilikuwa Ijumaa, mkuu wake amesimama mlangoni, karatasi inatakiwa kiwanda cha uchapaji kabla ya jioni. Akajiambia kwamba njia inayoshuka hapa na kupanda pale lazima ikutane mahali. Akaiunganisha. Kazi ya chini ya dakika moja.

Angeweza kunyamaza. Angeshukuru kwa maji, akaenda zake, na hakuna ambaye angejua.

"Mwanangu," alisema, "hizi nukta nilizichora mimi. Hakuna aliyeniambia kuna njia. Nilikisia."

Mlinzi aliokota brashi, akapaka ubao mmoja mara tatu mpaka rangi ikachirizika. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Mchora ramani akabaki kwenye ngazi, hajui aondoke au akae. Akakaa. Adhuhuri mlango ulifunguka, na mlinzi alikuwa amevaa viatu.

"Njoo."

Alimpeleka ukingoni mwa genge. Maji yalikuwa yanajaa. Kule chini palikuwa na ukanda wa mchanga mpana kama barabara, ukazidi kuwa mwembamba, kisha haukuwapo, na mawimbi yakawa yanaupiga ukuta kwa kishindo kilichosikika nyayoni. Mlinzi alisema mdogo wake alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hakujua kuimba na bado aliimba. Alisema walimkuta na viatu vimefungwa pamoja kwa kamba, vikining'inia shingoni. Alikuwa amevivua ili visilowe. Alidhani anakaribia kufika.

Mchora ramani alilia. Hakuomba msamaha, maana aliona kuuomba ni kumtwisha mfiwa mzigo mwingine. Aliuliza tu watu wanapita wapi.

Watu hupita juu, vichakani, mwendo wa muda wa saa tatu. Waliifuata njia ile alasiri hiyo na asubuhi iliyofuata, mlinzi mbele akifyeka miiba, mchora ramani nyuma na dira na daftari, akihesabu hatua. Hawakuzungumza zaidi ya kushoto, kulia, na angalia jiwe. Njia ilipoanza kuteremka, mlinzi akasimama.

"Sijakusamehe," alisema. "Sijui kama nitaweza. Lakini ramani mpya ikitoka, uilete wewe mwenyewe. Usiitume kwa posta."

Mchora ramani alikatiza safari yake, akarudi ofisini. Vijana waliorithi chumba kile walimwambia karatasi hiyo haimo kwenye mpango wa mwaka. Akaazima meza, akaichora upya kwa siku kumi na moja, kisha akawa anakwenda kila Jumatatu kukaa mlangoni kwa mkuu mpya mpaka wakamchoka. Ilitoka baada ya miezi minane. Njia ilipita juu, na chini ya genge palikuwa na maneno mekundu: Maji hujaa. Hapapitiki.

Aliipeleka kwa mkono wake. Mlinzi aliikunjua mezani, akaifuata njia kwa kidole, polepole, mwanzo hadi mwisho. Kisha akamuuliza kama ameshakula.