Taa Inayozunguka

Mzee Lebusa aliingia katika chumba cha tiba cha Nthatisi akiwa amejifunika blanketi lake. Nyuma yake aliingia mkewe, Mamotena, amebeba mzigo uliofungwa fundo kubwa. Nthatisi alipouona mzigo ule, moyo ukamshuka. Wiki iliyopita mama yule aliposema atasafiri, alidhani anatania.

"Gari la Bloemfontein linaondoka mchana," Mamotena alisema, akiutua mzigo karibu na hita ya mafuta. "Namfikisha huyu kwako, kisha naenda zangu kwa binti yangu. Nikalale."

"Umesikia, binti?" Lebusa alisema huku akivua kofia. "Watu husafiri kwenda kuzika. Watu husafiri kwenda kuozesha watoto. Mke wangu anasafiri kwenda kulala."

"Wewe lala usiku mmoja tu bila kupiga kelele, uone kama nitatoa mguu hapa Hlotse!"

"Simtishi mtu mimi. Napiga kelele kwa adabu."

Walicheka wote wawili, lakini Nthatisi aliona jinsi mzee alivyoutazama ule mzigo, kisha akageuza macho haraka. Tangu mwamba ulipoporomoka katika mgodi wa dhahabu ng'ambo ya mpaka, Lebusa hakuwahi tena kulala kitandani. Alilala kwenye kiti cha jikoni, taa ikiwaka, na kila usiku alizinduka akipaza sauti, "Simama! Simama!" mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Mamotena alivumilia. Sasa macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa anamkimbia mume. Alikuwa amechoka, basi.

Nthatisi alikuwa amerudi kutoka chuoni na ujuzi wa tiba ambayo watu wa Hlotse waliiita usingizi wa maneno. Alikodi chumba nyuma ya duka la dawa, akaweka kiti cha kulalia na mashine yake ndogo. Mgonjwa alifumba macho na kuvaa miwani yenye vitaa kuzunguka kila jicho, na masikioni akasikia mdundo. Vitaa viliwaka na kufifia, jicho moja kisha la pili, kwa kuufuata mdundo ule. Ubongo, Nthatisi aliwaambia watu, ni kama mcheza ngoma: mpiga ngoma akipunguza mwendo, naye hupunguza. Ukishatulia, ndipo maneno mema hupata pa kuingia. Kwanza aliuliza kila mtu kama ana kifafa, kwa maana mwanga ule si wa kuchezea. Baada ya hapo aliwahudumia kwa imani yake yote, na wengi walitoka wakiwa wepesi.

Isipokuwa Lebusa. Kila mara, pumzi yake ilipoanza kushuka, mwili wake ulikakamaa kama ubao, akaivua miwani. Nthatisi alidhani mwanga unakwenda mbio mno. Akaupunguza. Mzee akakakamaa zaidi.

Leo aliupunguza kuliko siku zote. Aliuacha uende taratibu kabisa, kushoto, kulia, kushoto, kulia, naye akaanza kusema kwa sauti ya chini, "Mabega yako ni mazito, Mzee. Kiti kimekubeba..."

Mkono wa Lebusa uliinuka. Ulipanda polepole hadi kwenye paji la uso, vidole vikakunjika kama vinashika kitu, kisha ukaanza kuyumba. Kushoto, kulia.

Nthatisi aliujua mwendo wa mkono ule.

Baba yake naye alikuwa mchimbaji. Kila aliporudi likizo ya Krismasi alisimama langoni na tochi, na Nthatisi akiwa mtoto alikimbia toka kisimani akiifuata. Tochi ikiyumba kushoto na kulia, unaganda pale ulipo. Ikipanda na kushuka, unarudi nyuma. Watoto wote wa mtaa waliucheza mchezo ule, maana baba zao wote walikuwa na lugha hiyo moja ya taa.

Alizima mashine, akamvua mzee miwani taratibu.

"Baba," alisema, "mgodini ulifanya kazi gani hasa?"

"Mlinzi wa kigarimoshi. Natembea mbele, namwonyesha dereva njia kwa taa ya kofia."

"Na siku ile?"

Lebusa alitazama mikono yake. "Nilisikia mwamba unalia. Nikavua taa, nikaiyumbisha. Simama, simama. Sekake, dereva wangu, hakuniona. Vumbi lilishatangulia. Naiyumbisha mpaka leo, binti."

Mamotena, aliyeketi kando akisubiri gari, aliacha kufuma. "Hukuwahi kuniambia habari ya taa."

"Ungefanya nini na taa wewe?"

"Ningeishika upande wa pili, mjinga wewe," Mamotena alisema.

Nthatisi alihisi aibu ikimpanda usoni. "Nisamehe, Baba. Siku zote hizi mimi nakuambia lala, na mwanga wangu unakuambia simama, kuna hatari."

"Ndiyo maana!" Lebusa aliguna, nusu akicheka. "Nikasema mtoto huyu ana sura ya upole, mbona miwani yake ina kelele?"

Nthatisi aliinama kwenye mashine, akabadilisha mpangilio wa vitaa. Sasa viliwaka kimoja baada ya kingine, vikilizunguka jicho polepole.

"Taa ikizunguka, Baba, inasemaje?"

"Inasema njoo," Lebusa alijibu. "Njia ni salama, njoo kwangu."

"Safari hii hushiki taa wewe. Unaitwa tu. Ukitaka kuacha, inua kidole."

Lebusa akavaa miwani tena, akajilaza. Vitaa vikazunguka, mdundo ukashuka. Nthatisi hakusema mengi. Alimwambia kwamba siku ile yeye aliionyesha ishara yake kama ilivyopasa, na kwamba kazi ya mlinzi ina mwisho wa zamu kama kazi nyingine. Mkono ulitikisika mara moja juu ya blanketi, ukatulia. Kidole hakikuinuka. Pumzi ilishuka, ikapita pale ilipokuwa ikikwama kila siku, ikaendelea kushuka.

Mdundo ulipokwisha, Nthatisi alimvua miwani, akamwita kwa upole. Lebusa alifumbua jicho moja, akamwona mkewe, akalifumba tena. Kisha akaanza kukoroma.

Nje, honi ya gari ilipigwa.

"Hajapona, Mama," Nthatisi alinong'ona. "Ni mwanzo tu. Huenda usiku wa leo akapiga kelele tena."

"Najua." Mamotena alipiga magoti, akalifungua fundo la mzigo wake. Alitoa blanketi la safari, zito, akamfunika mume wake kuanzia miguuni hadi kidevuni.

Honi ikalia mara ya pili.

"Mama, gari."

"Usipaze sauti, mwanangu," Mamotena alisema, akivuta kiti karibu. "Una tochi ya kuniazima usiku wa leo?"