Upepo Nyuma ya Sauti ya Nyanjige

Nyuzijoto tisini na moja. Nilizisoma kwenye skrini, nikazisoma tena, huku Mama Nyanjige, mtangazaji wetu, akivuta kipaza sauti karibu na mdomo. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Novemba, na bati la studio yetu ndogo ya redio pale Somanda, mjini Bariadi, lilikuwa linatatarika kwa jua. Binti yake, Martha, alikuwa amejifungua asubuhi na damu ilikuwa haikatiki. Kundi lake ni O hasi, na akiba ya hospitali ilikuwa imekwisha. Daktari alisema tusivuke saa kumi.

"Nianze na salamu?" aliniuliza.

"Nenda moja kwa moja, Mama."

Wiki moja kabla nilikuwa nimejigamba. Feni ya kompyuta iliyokaa chini ya meza ya mtangazaji ilikuwa inavuma mpaka hewani, na mimi Lusajo, fundi niliyetoka Mbeya na vyeti vyangu, niliahidi kuinyamazisha. Niliweka kwenye Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, programu ya kusoma joto, na nyingine ya kuiongoza feni: joto likipanda ikimbie, likishuka itambae. Studio ikawa kimya. Meneja wetu, Bryson, alinisifu mbele ya wote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo naijua tangu shule ya msingi, na siku ile sikuikumbuka.

Kompyuta ilikuwa na vipimajoto viwili, kimoja cha bodi na kingine cha prosesa, ubongo wake. Feni nilikuwa nimeifungamanisha na kile cha bodi. Siku za mawingu kosa halikuonekana. Sasa bodi ilisoma arobaini na mbili, feni inatambaa kwa raha zake, na prosesa inaungua.

"Wasikilizaji, leo sisomi vifo," Nyanjige alisema hewani. "Leo naomba damu. Kundi O hasi."

Sauti yake haikutetemeka. 

Tisini na saba. Ikifika mia kompyuta ingejizima, na isingekubali kuwaka mpaka ipoe. Sauti yote ilipitia humo kabla ya kwenda mnarani. Kusahihisha mpangilio kungechukua muda nisiokuwa nao. Lililobaki ni kuiua programu yangu, kwa kuwa feni ikiachiwa hukimbia kwa nguvu zote. Lakini kelele ingemfunika Nyanjige, namba ya simu isisikike. Tena, nikiri leo, niliyemwogopa kwanza alikuwa Bryson, kisha ndiyo nikamkumbuka Martha. Aibu hiyo haijanitoka.

Nikabonyeza. Feni ikanguruma kama mashine ya kusaga. Nyanjige alinitazama, akasogea mbele, akapaza sauti juu ya mngurumo na kuirudia namba mara tatu. Tisini na tano. Tisini. Machozi yakanitoka bila kujua.

Saa tisa kasoro Mhoja, mkulima wa pamba kutoka Zagayu, alishuka kwenye pikipiki mlangoni mwa hospitali, kundi O hasi. Saa tisa na nusu mvua ilimwagika, na udongo mweusi wa njia ya Zagayu ukilowa haupitishi tairi.

Jioni mimi na Nyanjige tulimkuta kwenye benchi nje ya wodi, anakunywa soda. Ndani Martha alikuwa amelala na mwanawe, anapumua vizuri.

"Nilisikia upepo nyuma ya sauti ya mama," Mhoja alisema. "Nikajua mvua imeshafika Bariadi. Bila hivyo ningemaliza kupalilia kwanza, ningekwama njiani."

Sikumsahihisha. Alipoondoka nilimgeukia Nyanjige.

"Mama, kosa lilikuwa langu. Feni niliifungamanisha vibaya. Kompyuta ingezimika ukiwa unasoma."

"Ng'wanone, mwanangu, wiki nzima kasha lile la kompyuta linaniunguza mguu," akasema, akipandisha kanga kidogo. Muundi wake ulikuwa mwekundu. "Nilidhani ndivyo mlivyofundishwa."

Hadi leo, kila asubuhi naanza kwa kumuuliza hali ya mguu wake, ndipo naenda kusoma skrini.