Lebo Isiyobanduka

Mkwe wangu alikuwa fundi milango kabla hajaingia kwenye boti, ndiyo maana mtaani wanamwita Bawaba. Mlango wake ukiufunga, umefungika. Lakini kazi za milango zilikuwa mbali, kwenye kambi ya wajenzi, akawa anarudi nyumbani mara mojamoja kama mgeni, hata mwanawe wa kwanza akamwita "yule mjomba." Neno hilo lilimchoma. Binti yangu aliposhika mimba ya pili, Bawaba akaacha kambi, akajifunza kuunda boti za faiba, hizi ndogo za watu kutembelea ziwani siku za mapumziko. Ya kwanza aliiundia nyuma ya nyumba yangu.

Mwenye hoteli ya ufukweni akaiona, akaipenda. Akasema ataichukua, na ikimfaa ataagiza nyingine, mradi ipate cheti cha usalama kabla wageni hawajaanza kuingia. Isipopata, ananunua ya kiwandani. Mambo yakawa hivyo: cheti kipatikane, au Bawaba arudi kambini na mtoto wa pili naye ajifunze kumwita mjomba.

Akaja mkaguzi. Kijana nadhifu, soksi zimenyooka, mkoba kaukumbatia kama mtoto mchanga. Mimi najua mtu akikagua chungu hukigonga, akasikiliza kinavyolia. Huyu boti hakuigusa. Aliizunguka mara moja, akauliza, "Lebo ziko wapi?"

"Lebo gani, ndugu?" Bawaba akauliza.

"Ya idadi ya watu, uzito na nguvu za injini, ionekane na mshika usukani. Kuna ya kuonya juu ya petroli. Kuna ya kuonya juu ya moshi wa injini. Halafu namba ya boti, nje, nyuma, upande wa kulia."

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa kakaa kibarazani. Huyo mdomo wake haujawahi kuchelewa popote. "Na ya kusema hii ni boti, baba, haitakiwi?"

Mkaguzi akapekua karatasi zake zote kwanza, ndipo akajibu, "Hiyo haimo."

Bawaba akakata vibati vya alumini, binti yangu mwenye mwandiko mzuri akachora herufi, wakavibandika kwa gundi. Boti ikawa kama mtu aliyetoka kuumwa na nyuki, plasta kila mahali. Mkaguzi aliporudi, alichomeka ukucha wa kidole cha mwisho chini ya namba ya nyuma, akanyanyua. Ikatoka yote.

"Imebanduka," akasema, na uso wake kama wa daktari mwenye habari mbaya. "Lebo ya kudumu haibanduki. Na mtu akiing'oa kwa nguvu, iache kovu."

"Kovu? Kwenye boti?"

"Kovu. Narudi Ijumaa, na baada ya hapo niko likizo mpaka wageni wenu waje waondoke."

Bawaba hakulala vizuri. Si kwa ajili ya cheti peke yake. "Mama," akaniambia asubuhi, "mimi naambiwa kazi yangu inabanduka! Mimi!" Akaenda kwenye sanduku lake la zamani, akatoa skrubu ndefu za fremu za milango, kwa sababu fundi milango haiamini skrubu mpaka itokee upande wa pili. Akatoboa nyuma ya boti, akazikaza kwenye kibati cha namba, pembeni na katikati, zikatokeza ndani kama miiba. Ncha zake akazikata na kuzipiga tupa vizuri, zisije zikachoma mguu wa mtoto. Zile lebo nyingine, za ndani, akazikaza kwa skrubu fupi. Nilikuwa karibu nachambua maharage, nikamwambia, "Hapo sasa, baba. Hapo hata shetani habandui." Tulikuwa watu wazima wawili, na hakuna aliyefikiria maji.

Ijumaa boti ikaingia ziwani, ikaelea kama bata. Mwenye hoteli alisimama ufukweni pamoja na binti yangu na tumbo lake. Lebo ilisema watu sita, kwa hiyo mkaguzi akataka watu sita: yeye, Bawaba, mimi, wifi, na jirani yetu mshona viatu na mkewe. Wifi alipopanda, boti ikainama. Mkaguzi akainua kalamu.

"Huyu mama nimwandike mmoja na nusu?"

"Niliolewa mmoja," wifi akasema, "na kaburini nitaingia mmoja. Andika mmoja!"

Akaandika mmoja.

Kwa uzito wetu nyuma ikashuka, na ile namba yenye skrubu ikaingia chini ya maji. Tulikuwa tumefika mbali kidogo na ufukwe niliposikia baridi miguuni. "Jamani, maji," nikasema.

"Subiri, bibi, niko kwenye lebo ya petroli." Mkaguzi alikuwa anaivuta kwa vidole viwili, na kweli, haikutoka.

Maji yakafika kwenye vifundo. Bawaba akageuka nyuma, akaona kila skrubu inatiririsha kauzi kake ka maji. Akaanza kuyafua kwa kopo, akiyamwaga nje. Mshona viatu akavua kofia, naye akafua.

"Mwanangu, tunazama!" wifi akapiga kelele.

"Hilo liko ukurasa wa nyuma, mama. Twende kwa utaratibu."

Kabla hajafika huko, maji yalikuwa kifuani kwetu. Boti ikajaa hadi ukingo, halafu ikatulia. Bawaba alikuwa ameshindilia povu gumu chini ya viti, na lile povu likakataa kwenda chini. Tukabaki sita tumekaa wima katikati ya ziwa, kama watu waliopanga kuoga pamoja.

Mkaguzi, mkoba kichwani, akafungua ukurasa wa nyuma, akasoma polepole. "Jaribio la boti kujaa maji ikiwa na watu kamili. Isizame. Isipinduke." Akatutazama mmoja mmoja, macho yamemtoka. "Hili sijawahi kuliona kwa macho. Kila mahali huwa wananiambia wameshalifanya." Akatia sahihi kwenye cheti, wino ukichuruzika, akamkabidhi Bawaba.

"Lakini ndugu," Bawaba akasema, "inavuja."

"Kuvuja hakumo."

Mtumbwi wa wavuvi ukatuvuta kwa kamba hadi ufukweni. Mwenye hoteli akanyoosha mkono apokee cheti. Nikamwona mkwe wangu anakishika, anakitazama.

"Cheti hiki hapa, bosi. Ila boti siwezi kukupa leo. Ina matundu, na nimeyatoboa mwenyewe."

Nikafumba macho. Binti yangu akashika tumbo.

"Akiyaziba?" mwenye hoteli akamuuliza mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa anakamua soksi. "Akiigusa lebo, tunaanza upya."

"Nitaziba kwa ndani."

"Ndani siulizwi. Niko likizo."

Mwenye hoteli akacheka, cheko refu la mtu aliyekuwa ametazama kila kitu bila kulipa kiingilio. "Jumatano basi. Na ya pili, tafadhali, usiitoboe."

"Amesema ya pili?" binti yangu akaninong'oneza.

"Amesema."

Shati la Bawaba lilikuwa bado linadondosha maji alipookota kijiti na kuanza kuichora boti ya pili kwenye mchanga. Mkewe akasimama pembeni, mikono kiunoni, akimwambia aipanue kidogo.