Jina la Ndama wa Kisimani

Waliofika kwenye kituo cha ndama wa tembo asubuhi ile walikuwa watatu: Ntaruyan, mjane, Nolpayon, mama mkwe wake, na Lmakiya, shemeji yake, ambaye marehemu alimfuata kwa kuzaliwa. Waliowapokea walikuwa wawili: Lteipan, mkuu wa walezi, aliyetahiriwa pamoja na marehemu, na Mparasaron, mlezi wa kike aliyekuwa akimnywesha ndama kwa chupa tangu alipoletwa. Ndama mwenyewe alikuwapo pia, lakini alikuwa amesimama mwisho wa ua, amewapa kisogo.

Kilichowaleta kilikuwa jina.

Wakati wa kiangazi ndama huyo alitumbukia katika kisima chao, kile kilichochimbwa kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka. Mume wa Ntaruyan aliteremka na kamba, akamfunga chini ya tumbo, na wenzake wakamvuta juu. Ndama alipofika ukingoni, ukuta wa mchanga ulimporomokea mwanamume aliyebaki chini. Alitolewa angali hai, kifua kimepondeka, akalazwa hospitali. Walezi wakampa ndama jina lake kuwa shukrani, na hapakuwa na ubaya wowote, kwa kuwa mwenye jina alikuwa anapumua. Kisha akafa. Jina la aliyekufa halitamkwi tena na watu wake, wala halitamkwi mbele yao. Na huku jina hilo lilikuwa likipigiwa kelele uani kila ndama waliponyweshwa. Lmakiya akatuma ujumbe kwamba likome. Walezi wakatii, wakamwita ndama Ltepes, yaani mgunga, kwa ajili ya mti wa aina hiyo uliokuwa karibu na zizi lake.

Tangu hapo ndama hakuitika, na chupa aliyopelekewa aliisukuma kwa mkonga. Mbavu zilianza kuhesabika.

Chai ililetwa. Nolpayon alimtazama Lteipan kutoka viatuni hadi kofiani.

“Wewe mtoto umenenepa,” alisema. “Hayo maziwa ya mbuzi wanakunywa tembo, au unakunywa wewe?”

“Yeyo, mama yangu, naonja tu nisije nikawapa yaliyochacha.”

“Unaonja kwa debe.”

Mparasaron alicheka, akaona Ntaruyan hacheki, akanyamaza. Ntaruyan hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshika kikombe mpaka chai ikafanya utando juu, akiutazama utando ule kama mtu anayesubiri kuambiwa afanye nini nao. Tangu mazishi mambo yote yalikuwa yanamfikia hivyo, kwa mbali, kama sauti ya mtu anayeongea ndani ya nyumba nyingine. Alikuwa amenyolewa nywele, amevuliwa shanga, na shingo yake ilikuwa nyepesi. Wanawake wa manyata walimsifu kwa uvumilivu. Yeye hakuona kitu anachovumilia.

“Dada, una mwiba,” Mparasaron alimwambia polepole. “Kisigino kinatoka damu.”

Ntaruyan aliinua mguu, akautazama mwiba, akauchomoa. “Kweli,” alisema.

Saa ya maziwa ilipofika, walezi walitoka na toroli la chupa. Ndama wengine walikuja mbio wakisukumana, vumbi likatimka, kila mmoja akamwendea mlezi wake. Mparasaron aliinua chupa. “Ltepes! Ltepes, njoo!”

Yule wa mwisho wa ua hakugeuka.

“Tumemwita hivyo mpaka miti yenyewe imekaribia kuitika,” alisema Lteipan.

“Mnyama mwenye masikio kama ngozi mbili za ng'ombe,” alisema Lmakiya, “ndiye hasikii? Anadeka. Mwacheni alale na njaa, kesho atajua jina lake ni nani.”

“Amelala nayo, kaka. Siyo usiku mmoja.” Lteipan alivua kofia. “Nataka mwone kwa macho yenu, msije mkasema walezi wanapenda hadithi. Mkiniruhusu, tumwite mara moja tu kwa lile la zamani. Mkikataa, nimekoma.”

Lmakiya alisimama. “Mbele ya mama wa marehemu? Una wazimu, Lteipan?”

Nolpayon alikuwa tayari ameufunika uso kwa shuka. “Msiniulize mimi,” alisema kutoka ndani ya kitambaa. “Mwenye nyumba yake ni huyu.”

Wote wakamgeukia Ntaruyan. Alifikiri kwamba pengine sasa kitu kitampata. Alikuwa amelizuia jina lile mdomoni tangu lilipozuiwa, hata alipokuwa peke yake na mbuzi, na usingizini pia. Labda lilikuwa limeziba mahali fulani, na likitoka yote yaliyosimama nyuma yake yatatoka.

“Mwite,” alisema.

Lmakiya aliwapa mgongo, akaenda zake hadi langoni.

Mparasaron aliliita jina. Hakupaza sauti sana.

Ndama aligeuka mwili mzima. Masikio yalifunguka, mkonga ukapanda, akaja mbio akijikwaa kwa miguu yake mwenyewe, akapita katikati ya wenzake, akaishika chupa kwa nguvu hata Mparasaron akarudi nyuma. Maziwa yalimtiririka kidevuni. Alikunywa macho yamefumba nusu.

Ntaruyan alingoja. Moyo wake uliendelea na kazi yake. Mume wake alikuwa mzito wa kuitika. Alikuwa mtu wa kuitwa mara tatu, kisha anajibu bila kugeuka, akisema anakuja na haji. Huyu alikuja kwa mara ya kwanza. Aliliwaza hilo kama mtu anayeona kwamba leo upepo unatoka upande mwingine, na hakuna lililofuata. Povu la maziwa lilikuwa jeupe mno juu ya ngozi ile ya vumbi.

Chupa ya kwanza iliisha, wakampa ya pili. Lmakiya alirudi, sauti yake imeshuka.

“Nimemwona. Sina roho ya kumwua kiumbe ambaye ndugu yangu alimfia. Lakini sikilizeni: walezi hawa ni watoto wa majirani. Leo wataliita hapa, kesho litawatoka kisimani, keshokutwa watoto watalichezea machungani, na mama atalisikia akiwa mlangoni kwake. Mnataka aishi vipi?”

“Sisi tulimwambia mwenye jina pale kitandani,” alisema Lteipan. “Akacheka, mbavu zikamuuma. Akasema, mpeni tu, labda yeye atalitumia vizuri kuliko mimi.”

“Alikuwa hai.”

“Alikuwa hai, kaka. Sikatai.”

Nolpayon aliteremsha shuka hadi mabegani. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakumtazama ndama. Alimtazama mkamwana wake, akingoja. Ndama alimaliza chupa ya pili, akakipapasa kifuko cha Mparasaron kwa mkonga akitafuta ya tatu.

Ntaruyan alisimama na kujifunga shuka upya. Aliongea kwa sauti ile ile ambayo angegawia watu kazi za asubuhi.

“Jina ni la ndama. Lteipan, mwiteni kama mlivyokuwa mkimwita, na msimwite lingine. Shemeji, wewe utabaki na kisima na ng'ombe, maana hivyo ni vyako. Nyumba yangu nitaivunja wiki hii, na ya mama vilevile. Tutahamia ng'ambo ya mlima kwa ndugu zangu, mahali ambapo sauti ya hapa haifiki. Akikua, akipelekwa porini, msinitumie habari. Mama, simama, jua linapanda.”